Tundu na Kituo: Mwongozo kwa Anunuaye Gari la Umeme na kwa Ajengaye Mahali pa Kulichaji

Ikiwa umekusudia kununua gari la umeme, au ikiwa umejaaliwa kiwanja kando ya njia kuu na ukawa na nia ya kujenga kituo cha kuchajia magari hayo, jambo la kwanza ninalokuomba ulitazame, kabla ya rangi na kabla ya bei, na hata kabla ya kuuliza gari laenda kilomita ngapi, ni tundu ambalo umeme huingilia. Maana tundu hilo ndilo litakaloamua ni vituo vipi vitakupokea na ni vipi vitakurudisha ulikotoka, na mtu anunuaye gari lenye tundu lisilo na mwenzake barabarani hawezi kulirekebisha jambo hilo kwa urahisi baada ya gari kushushwa bandarini. Petroli imetuzoesha wepesi ambao umeme haujaufikia bado. Pampu ya Tunduma na pampu ya Lamu zina mdomo mmoja, wala hazijali kama gari limeundwa Japani au Ujerumani; lakini watengenezaji wa magari ya umeme walianza kila mmoja kwa njia yake, wakafanya mapatano kwa makundi, na makundi hayo hayajapatana yote hata leo.

Fahamu kwanza tofauti ya mikondo miwili. Umeme uletwao nyumbani kwako na TANESCO, Kenya Power au shirika jingine lolote ni mkondo geu, ilhali betri ya gari haihifadhi ila mkondo mnyoofu. Kwa hiyo mahali fulani kati ya nguzo na betri sharti pawepo chombo cha kugeuza mkondo mmoja kuwa mwingine. Unapochaji nyumbani, chombo hicho kimo ndani ya gari lenyewe, nacho ni kidogo: katika Nissan Leaf zitokazo Japani aghalabu ni cha kilowati 3 au 6. Unapochaji katika kituo cha haraka, kazi hiyo hufanywa ndani ya kabati la kituo, na mkondo mnyoofu hupelekwa moja kwa moja kwenye betri kwa nguvu ya kilowati 50, 150, au hata 350. Ndiyo sababu betri ya kilowati-saa (kWh) 40 iliyokauka huhitaji usiku kucha, saa 14 hivi, kwa chaja ya kilowati 3, ilhali kituo cha kilowati 50 chaweza kuipandisha kutoka asilimia 20 hadi 80 kwa muda usiozidi sana dakika 40.

Katika mkondo geu tofauti za matundu si za kukutia hofu. Gari la Japani lina tundu la Aina ya 1 lenye vipini vitano, la Ulaya lina Aina ya 2 lenye vipini saba, na la China lina tundu ambalo kwa sura lafanana sana na lile la Ulaya ila vipini vyake vimegeuzwa, vya kiume vikawa vya kike, hata kichwa cha kebo ya Ulaya hakiingii. Tofauti zote hizo huondolewa kwa kebo ya kawaida yenye kichwa kimoja huku na kingine kule, kwa kuwa lugha ya mawasiliano kati ya kituo na gari katika mkondo geu ni nyepesi na yakaribiana. Nunua kebo ya namna hiyo, uiweke katika buti la gari, nawe utachaji popote penye soketi ya mkondo geu.

Hadhari kubwa zaidi iko ukutani kwako. Kebo inayokuja na gari kutoka Japani iliundwa kwa volti 200, na plagi yake haiingii katika soketi zetu. Wako mafundi wanaoikata plagi ile, wakafunga plagi ya ampea 13 ya mtindo wa Kiingereza tunayoitumia Tanzania, Kenya na Uganda, kisha wakakabidhi gari kwa mwenyewe pasipo kusoma kibandiko cha kisanduku kilicho katikati ya kebo. Usikubali kazi hiyo. Ikiwa kibandiko hakionyeshi kwamba kisanduku kinastahimili volti 240, tafuta kebo nyingine. Na hata kebo iliyo sahihi huivuta soketi ya kawaida kwa saa kumi mfululizo, jambo ambalo pasi na jiko la umeme hazifanyi, na soketi iliyolegea huyeyuka polepole usiku wakati wote mmelala. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie waya wa peke yake kutoka katika kabati la swichi, wenye kikata umeme chake, ethi iliyopimwa, na kinga ya kuzima umeme unapovuja. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya gari, na ni kitu kidogo mno mbele ya nyumba yenye watu ndani.

Mashaka yenyewe yako katika kuchaji kwa haraka. Kundi la kwanza ni la Kijapani, CHAdeMO, ambalo chama chake kiliundwa mwaka 2010 na kampuni ya umeme ya Tokyo pamoja na Nissan, Mitsubishi na wenzao. Nissan Leaf, iliyotoka mwezi Desemba wa mwaka huohuo, ilikuja na tundu hilo, na kwa miaka mingi ikawa gari la umeme lililouzwa kwa wingi kuliko yote ulimwenguni. Kundi la pili ni CCS, lililoanzishwa na watengenezaji wa Ujerumani na Marekani, nalo lina sura mbili: CCS1 itumikayo Marekani ya Kaskazini na Korea, na CCS2 ya Ulaya, ambayo Umoja wa Ulaya uliitilia nguvu kwa sheria ya mwaka 2014, ukaamuru kwamba vituo vipya vya umma vya kuchajia haraka viwe nayo, ingawa haukukataza kuwekwa kichwa kingine kando yake. La tatu ni GB/T ya China, lenye matundu mawili yaliyotengana, moja la mkondo geu na jingine la mkondo mnyoofu. La nne ni lile la Tesla, ambalo kampuni hiyo iliwafungulia wengine mwezi Novemba 2022, Ford na General Motors wakalikubali mwaka 2023, na sasa ndilo linaloenea Marekani.

Katika makundi hayo manne, lile la kwanza linarudi nyuma nje ya Japani. Nissan yenyewe, iliyokuwa nguzo ya CHAdeMO, iliuza gari lake la Ariya huko Ulaya na Marekani likiwa na tundu la CCS, na Leaf ya kizazi cha tatu imefuata njia hiyohiyo: CCS2 kwa Ulaya, na tundu la Tesla kwa Marekani. Lakini soko letu la Afrika Mashariki halikuzaliwa Ulaya wala Marekani. Sisi twanunua magari yaliyotumika Japani, kwa kuwa usukani wake uko kulia kama barabara zetu zitakavyo, na kwa kuwa minada yake yajulikana na mawakala wetu tangu zamani. Kwa hiyo Leaf inashuka Mombasa na Dar es Salaam ikiwa na CHAdeMO, wakati ambapo mashine mpya za kuchajia zinazoletwa katika miji yetu aghalabu ni za CCS2, na baadhi yake za GB/T. Magari yanatufuata kutoka upande mmoja wa dunia na vituo kutoka upande mwingine, na katikati amesimama mnunuzi ambaye hakuna aliyemwambia neno.

Kwa ajili hiyo, msomaji, nakupa shauri langu bila kuficha. Ukiishi mjini, ukiwa na mahali pako pa kulaza gari na umeme wa kuaminika, na safari zako za kila siku zisizidi kilomita 80 au 100, Leaf ya Japani itakufaa sana, tena kwa bei nafuu, maana utachaji usiku nyumbani na utakiona kituo cha haraka mara chache. Lakini ukiwa mtu wa safari ndefu, au dereva wa teksi ambaye kila saa ya kusubiri ni riziki inayopotea, au mpangaji wa ghorofani asiye na ukuta wa kuchajia, basi tafuta gari lenye CCS2 ingawa utalipa zaidi. Na wapi utalipata lenye usukani wa kulia? Uingereza. Huko yako magari yaliyotumika kama vile Hyundai Kona, Kia Niro, MG ZS na Volkswagen ID.3, yote yakiwa na CCS2. Jihadhari na mambo mawili tu katika soko hilo: Leaf za Uingereza za vizazi viwili vya kwanza nazo zina CHAdeMO, na Renault Zoe nyingi za zamani hazina tundu la mkondo mnyoofu kabisa, japokuwa chaja yake ya ndani ni kubwa kuliko za wengine.

Kwa ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambao magari yao hupita upande wa kulia wa barabara, njia ya Dubai iko wazi, lakini ndiyo njia yenye mchanganyiko mkubwa zaidi. Katika viwanja vya magari vya Ghuba utakuta gari lililoletwa na wakala rasmi lenye CCS2, kando yake gari la jina lilelile lililotoka China likiwa na GB/T, na nyuma yake jingine lililonunuliwa mnadani Marekani lenye CCS1 au tundu la Tesla. Volkswagen za umeme zilizoundwa kwa soko la China zimeuzwa kwa wingi huko, na mnunuzi aliyeziona picha za nje tu hawezi kuzitambua. Usiridhike na jina la gari. Mwambie muuzaji afungue kifuniko cha tundu, apige picha kwa karibu, na aiambatishe na kibandiko cha namba ya utambulisho wa gari; atakayekataa kufanya jambo jepesi kama hilo usimtumie fedha.

Utasikia pia kwamba adapta huondoa taabu zote, na neno hilo ni kweli nusu. Kati ya CCS1 na CCS2 lugha ni moja, umbo tu ndilo mbali, kwa hiyo adapta yake ni chuma na plastiki isiyo na akili ndani, almuradi imeundwa kwa ampea na volti za kutosha na ina kufuli na kipima joto. Lakini CHAdeMO na GB/T huzungumza na gari kwa nyaya za mawasiliano za namna ileile itumikayo ndani ya magari, ilhali CCS hupitisha maneno yake juu ya waya wa udhibiti kwa mfumo mwingine kabisa. Adapta ya kutoka CCS2 kwenda CHAdeMO basi ni mfano wa mkalimani wa mahakamani, ambaye sharti amsikie mmoja, amwelewe, amweleze mwingine, na asikosee neno hata moja, la sivyo shauri huahirishwa na wote hurudi nyumbani. Adapta hizo zipo sokoni, zina kompyuta ndogo ndani na programu inayohitaji kusasishwa mara kwa mara, na hufanya kazi na mashine za mtengenezaji mmoja zikakataliwa na za mwingine. Kwa hiyo usiinunue kwa sifa. Ijaribu kwanza katika kituo kilekile utakachokitegemea, kwa muda wa nusu saa kamili, ukiigusa mara kwa mara kuona kama inapata joto kupita kiasi.

Adapta ya kuchongwa mtaani usiiguse hata ukipewa bure. Mkondo geu wa nyumbani hupita katika sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayotokea plagi inapochomolewa huzimika yenyewe katika moja ya mapito hayo. Mkondo mnyoofu hauna sifuri ya kuusaidia, na cheche yake katika volti 400 huendelea kuwaka na kuvutika hewani kama hakuna kifaa kilichoundwa kuikata. Ndiyo sababu vichwa vyote vya kuchajia haraka hujifunga kwa kufuli mpaka mkondo ukome, na ndiyo sababu mashine hupima usalama wa nyaya kabla ya kupeleka hata ampea moja. Dakika ile ya kimya unayoiona baada ya kuchomeka ni mashine na gari vikikulinda; usiivunjie subira kwa kutikisa kebo.

Neno la betri sitalirefusha, ila kwa Leaf siwezi kulipita, kwa kuwa ndilo gari litakalonunuliwa na wengi. Kwenye dashibodi, upande wa kulia, pana vipande vidogo 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Kipande cha kwanza kikitoweka betri imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni asilimia 6 hivi. Iko programu ya simu iitwayo LeafSpy ambayo, ikiunganishwa na kifaa kidogo katika soketi ya uchunguzi ya gari, husoma uzima huo kwa asilimia na hutaja hata idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa haraka. Mtake wakala akutumie picha ya kioo chake kabla ya kulipa. Zaidi ya hayo, vizazi viwili vya kwanza vya Leaf havina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na betri iliyochajiwa haraka, ikaendeshwa kwa kasi juani, kisha ikachajiwa haraka tena, hupanda joto hata gari lenyewe huipunguza nguvu ya kuchaji ili kuiokoa. Siku ya safari ndefu, basi, chaji ya kwanza utaimaliza kwa dakika 40, na ya tatu yaweza kukuchukua saa nzima na zaidi.

Chukua mfano wa barabara ya Mombasa hadi Nairobi, takriban kilomita 480. Mbali na urefu wake, barabara hiyo yapanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700, na kulipandisha gari lenye uzito wa tani 1.7 pamoja na abiria wake kwenye kimo hicho hula peke yake takriban kWh 8, bila kuhesabu upepo, matairi, wala kiyoyozi; hiyo ni sehemu ya tano ya betri ya kWh 40. Dereva wa Leaf ya namna hiyo sharti apange kuchaji njiani walau mara mbili, na ajue kwa yakini, kabla ya kuondoka, kwamba vituo alivyovikusudia vina CHAdeMO na vinafanya kazi. Piga simu. Ramani za intaneti husaidia, lakini mashine iliyoharibika wiki iliyopita bado huonekana humo ikiwa nzima. Kituo unachokikusudia kikifunga, uwe umebakiwa na chaji ya kukufikisha kingine, au hoteli yenye soketi na mwenyeji mwema.

Sasa nageukia kwa mwenye kituo, na kwake nina maneno mengi zaidi, maana mnunuzi akikosea huumia mwenyewe na jamaa zake, ila mjenzi wa kituo akikosea huwaumiza wote wapitao.

Uingereza imekwisha kuipitia njia hii, nasi twaweza kujifunza kwake bila kulipa ada. Mnamo mwaka 2011 kampuni ya Ecotricity ilianza kuweka vituo katika mapumziko ya barabara kuu, ikawa mtandao wa kwanza wa nchi nzima wa namna hiyo. Baada ya miaka kumi mashine zile zilikuwa zimechakaa, madereva wakilalamika kwamba nyingi hazifanyi kazi. Mwaka 2021 kampuni ya Gridserve iliununua mtandao huo, ikang'oa mashine za zamani na kuweka mpya palepale. Angalia walivyofanya: mashine mpya zilikuwa na kichwa cha CCS na kichwa cha CHAdeMO pamoja, na zilipokea kadi ya benki ya kawaida bila kumlazimisha mtu kujisajili. Hawakuwatupa wenye Leaf, ingawa walijua kwamba zama za CHAdeMO zaelekea ukingoni. Marekani njia ilikuwa nyingine: Electrify America, iliyoundwa kwa dola bilioni 2 za Volkswagen baada ya kashfa ya moshi wa dizeli, iliacha kuweka CHAdeMO katika vituo vyake vipya kuanzia mwaka 2022, isipokuwa California. Kwa nchi yenye magari mapya mengi, uamuzi huo unaeleweka. Kwetu sisi, ambao gari la Japani la mwaka 2018 ni gari jipya machoni pa mnunuzi, kuufuata kungekuwa ni kumfungia mlango mteja mwenye fedha mkononi.

Shauri langu kwa mwenye kituo, basi, ni hili: CCS2 iwe ndiyo msingi, kwa kuwa huko ndiko dunia inakoelekea kwa mtindo wa umeme wetu, lakini katika kila kituo kiwepo kichwa kimoja cha CHAdeMO, na palipo na magari ya China, kimoja cha GB/T. Gharama yake si kubwa kama inavyodhaniwa. Mashine zenye mikono miwili ya aina mbalimbali huuzwa na watengenezaji wengi, na CHAdeMO haina haja ya nguvu nyingi, kwa sababu Leaf ya kWh 40 haichukui zaidi ya kilowati 50 hivi. Ukiwa na mashine ya zamani ya kilowati 50 na unataka kuweka mpya ya 150, usiiuze ya zamani kwa wakata vyuma. Isogeze pembeni, uipige rangi, uiachie wenye Leaf.

Kabla ya kuagiza mashine kubwa, nenda kwa shirika la umeme. Mashine moja ya kilowati 50 huvuta ampea 75 hadi 80 katika kila fezi ya umeme wa fezi tatu, na transfoma ya mtaa ya kVA 200, inayolisha majiko na taa za watu, haiwezi kuongezewa mashine ya kilowati 150 bila jioni ya kwanza kuwaacha majirani gizani. Mashine nne za 150 zikifanya kazi pamoja zahitaji kilowati 600, yaani transfoma yako mwenyewe. Tena wateja wakubwa hutozwa ada kwa kilele cha matumizi ya mwezi, mbali na bei ya uniti. Gari moja lililokuja usiku mmoja na kuvuta nguvu zote kwa nusu saa laweza kukuandikia ankara ya mwezi mzima. Dawa yake ni mashine zinazogawana nguvu kwa zamu, au betri ya kituo inayojazwa polepole na kutoa kwa haraka, ambayo pia itawahudumia wateja wakati umeme umekatika.

Nunua kabati linaloweza kukuzwa. Ndani ya mashine hizi mna visanduku vya kugeuzia mkondo, aghalabu vya kilowati 30 au 40 kila kimoja, na mwenye busara huanza na vichache katika kabati lenye nafasi ya vingi. Hakikisha kwamba mashine yafika volti 1,000, kwa kuwa magari kama Hyundai Ioniq 5 na Porsche Taycan yameundwa kwa volti 800, na mashine ya zamani iishiayo volti 500 haiwezi kuyapa nguvu zake zote. Unapochimba mtaro wa nyaya, laza mabomba mapana na uongeze la akiba, maana bomba ni rahisi na kuchimba lami mara ya pili ni ghali. Pwani, chumvi ya bahari hula shaba na chuma, kwa hiyo paa la kivuli, vifuniko vya vichwa na usafishaji wa kila mwezi si mapambo. Kebo ziwe ndefu za kutosha: tundu la Leaf nyingi liko puani, la Tesla liko nyuma kushoto, na mengine yako ubavuni, tena dereva mwenye ulemavu aweze kuufikia mkono wa kebo na kuuinua pasipo kuomba msaada.

Kuna jambo moja lisiloonekana kwa macho ambalo limeziangusha mashine nyingi kuliko mvua na jua, nalo ni programu. Dai katika mkataba kwamba mashine yako itumie OCPP, itifaki huria iliyoanzia Uholanzi, ambayo huiwezesha mashine ya mtengenezaji yeyote kuongozwa na mfumo wa kampuni yoyote. Mwezi Oktoba 2024, kampuni ya Enel X Way ilipofunga shughuli zake Marekani, mashine nyingi zilizotegemea mfumo wake zilibaki nguzo zisizo na bwana. Aliye na itifaki huria hubadili kampuni ya mfumo. Asiyekuwa nayo hununua mashine upya. Dai kadhalika vipuri na fundi aliye nchini, maana mashine inayosubiri kipande kutoka ng'ambo kwa miezi mitatu ni hasara kwako na adha kwa msafiri. Uingereza sasa yalazimisha kwa kanuni za mwaka 2023 kwamba mitandao ya haraka iwe nzima kwa wastani wa asilimia 99 ya mwaka, na bei ionyeshwe wazi kwa kila kWh. Sisi hatuna sababu ya kujiwekea kipimo cha chini kuliko hicho.

Na malipo yawe mepesi. M-Pesa, Airtel Money, kadi ya benki, zote zipokelewe; msafiri aliyefika saa tano ya usiku, simu yake ikiwa na asilimia tatu, asilazimishwe kupakua programu mpya na kusubiri ujumbe wa kuthibitisha. Weka taa, choo, maji ya kunywa na mlinzi, ambaye pia atakulindia kebo, kwa kuwa shaba yake inatamaniwa na wezi.

Kwa mamlaka zetu za nishati, EPRA ya Kenya ambayo imekwisha kutoa miongozo ya vituo mwaka 2023, EWURA ya Tanzania, ERA ya Uganda na RURA ya Rwanda, ninatoa ombi: kila kituo cha umma kiamriwe kuandika langoni, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani, aina za vichwa vilivyopo, kilowati zake na bei ya kWh moja, kila tangazo la gari la umeme lililotumika litaje aina ya tundu lake, na leseni ya kituo cha haraka katika barabara kuu isitolewe pasipo kichwa kimoja cha CHAdeMO, hadi magari ya tundu hilo yatakapopungua barabarani. Nawe msomaji, unapokwenda kwa wakala kesho, anza kwa kumwomba afungue kile kifuniko.